Kitabu cha Stoo

Mpwa wangu alirudi Mponde mwezi wa Julai akiwa na nyota moja kila bega. Njiani alivaa nguo za kiraia, lakini magwanda aliyakunja chini kabisa ya begi, na jioni ya kwanza mama yake, yaani dada yangu, hakumpa chakula mpaka ayavae. Akayavaa. Majirani wakaja mmoja mmoja kumtazama, kila mmoja akijifanya amekuja kuomba chumvi. Julai huku kwetu ni ukungu na baridi ya kuingia mifupani, kwa hiyo tulikaa jikoni, tukayazunguka mafiga. Yeye alikalia kigoda huku amenyooka kama mkuki, viatu vikimeremeta kwa mwanga wa moto.

Alitusimulia chuo cha maafisa cha Monduli: kuamshwa usiku wa manane, kukimbia na mzigo mgongoni, kusoma ramani kwa kurunzi iliyofunikwa kitambaa. Alisimulia vizuri, ana kipaji cha marehemu babu yake. Kisha akaja kwenye kazi aliyopangiwa. Platuni moja, askari thelathini na kitu, kambi iliyo ukanda wa joto, karibu na mto. Nikamwuliza jambo moja tu. Risasi sikumwuliza, hiyo ni siri ya serikali na sikutaka mtoto wa watu alale mahabusu kwa ajili yangu. Nilimwuliza, "Vyandarua vyenu vizima ni vingapi?"

Akacheka. "Mjomba, hayo ni ya sajenti wa stoo. Mimi ni kamanda."

Dada yangu naye akacheka, kwa kuwa mwanawe kacheka. Mimi nikamimina chai nyingine.

Lazima niseme mimi ni nani katika habari hii, maana sijawahi kushika bunduki. Nimeshika mizani. Miaka mingi nilikuwa karani kwenye banda la kupokelea majani mabichi ya chai. Mkulima anafika na tenga lake, majani mawili na chipukizi, ameanza kuchuma kabla jua halijatoka. Unapima, unatoa uzito wa tenga, na kama mvua imenyesha unatoa uzito wa maji, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukubali kwamba majani yake yamelowa. Mkulima hamtazami karani usoni. Anatazama mshale wa mizani. Karani akikosea nusu kilo asubuhi, jioni kijiji kizima kinajua. Kwa hiyo nikiwasikia vijana wakisema hesabu ni kazi ya mtu mwingine, nywele husimama.

Nikamwambia, "Kaa vizuri, Luteni. Nitakupa hadithi ya kambi."

"Ya kweli?"

"Kambi ni ya kweli. Kijana mmoja ndani yake nimemtunga mimi, sitampa jina, usije ukamtafuta vitabuni."

Vita vya Tanga vya Novemba 1914 kila mtu huku anavijua, kwa sababu ya nyuki. Waingereza walileta askari kutoka India kwa meli, wakapigwa kwa siku chache, wakarudi melini wakiacha nyuma bunduki na risasi kwa mamia ya maelfu. Nyuki walioghadhibishwa na milio wakaongeza yao, na hadi leo hadithi husimuliwa kana kwamba nyuki ndio waliopewa vyeo. Jasini hawaijui. Ipo pale pale, mwendo wa siku mbili kwa miguu kaskazini ya Tanga, siku hizi wilaya ya Mkinga, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Na maji yake ni yetu. Mto Umba unazaliwa kwenye misitu ya Usambara huku juu, unashuka, unavuka nyika, unaingia baharini karibu na Vanga. Sisi huku tunayaona maji yakiwa baridi na meupe. Yakifika kule yamekuwa vidimbwi vya mikoko, na katika vidimbwi hivyo kuna mwenyeji ambaye hakuwahi kushindwa vita: mbu.

Baada ya kipigo cha Tanga, Waingereza walitaka kulisafisha bonde la Umba, maana doria za Wajerumani zilikuwa zikivuka mpaka na watu wa pwani ya kusini ya Kenya walikuwa wakihama. Brigedia Jenerali Michael Tighe akasogea na majeshi yake mwishoni mwa 1914, na ulipoingia mwaka mpya Jasini ilikuwa mikononi mwao. Ilikuwa shamba kubwa la katani la kampuni ya Kijerumani. Wakaacha pale askari wapatao 300, Wahindi karibu wote, wa Kashmir Rifles na wa 101st Grenadiers, chini ya Kanali Raghbir Singh. Kambi kubwa ikabaki nyuma, kando ya Umba.

Sasa mweke kijana wangu hapo. Ana umri wa mpwa wangu, miaka ishirini na nne hivi. Ametoka chuo cha maafisa, ameletwa kwa meli, ana darubini nzuri aliyonunuliwa na baba yake. Siku yake inaanza kabla ya alfajiri, kila mtu amesimama kwenye handaki na bunduki mkononi, kwa sababu adui mwenye akili huja mwanga ukiwa hautoshi kuona shabaha. Wanasimama hivyo mpaka jua litoke. Jua likitoka, joto linatoka nalo. Mkonge hauna kivuli. Kila jani lina mwiba nchani, na mistari yake imenyooka mpaka macho yanachoka. Aliyeweka boma katikati ya mkonge ameweka boma katikati ya pazia, kwa hiyo kazi ya asubuhi ni kufyeka ili risasi zipate njia. Kufyeka mkonge ni adhabu. Utomvu wake unawasha, na mzizi wake haukati tamaa.

Halafu chakula, na hapa mpwa wangu alianza kusikiliza, maana alidhani jeshi ni sufuria moja. Jeshi la India halikuwa sufuria moja. Hao walikula unga wa ngano, dengu na samli, na Mwislamu hakupikiwa chungu kimoja na Mhindu, na Wahindu wenyewe hawakuwa wamoja. Vyungu vikizidi, kuni zinazidi na maji yanazidi. Afisa asiyejua nani anakula na nani hawezi kujua kambi yake inahitaji madebe mangapi ya maji kwa siku. Kijana wangu hakujua. Kihindustani chake kilikuwa cha kutoa amri, si cha kuuliza swali. Kila asubuhi afisa mzee wa Kihindi, mtu wa mvi ambaye alikuwa jeshini kabla yeye hajazaliwa, alimletea kitabu cha stoo: risasi, maji, unga, dawa, wagonjwa. Kijana alitia sahihi bila kusoma, kisha akarudi kwenye darubini yake.

Mchana ni wa kungoja. Watu hudhani vita ni kelele. Kambi ya mbele ni kungoja, kukwaruza utosi, kushona kifungo, kuhesabu siku za barua. Jioni ni zamu ya kwinini. Askari wanapangwa mstari, wanameza mbele ya macho ya mkubwa, maana ni chungu na wengine huificha chini ya ulimi wakaitema. Kijana wangu aliona ni aibu kumchungulia mtu mzima mdomoni. Akaacha kuchungulia. Usiku ni lindo, na mbu. Afisa ana chandarua chake.

"Walikuwa wanajua habari ya mbu?" mpwa wangu aliuliza. "Mwaka 1915?"

Walijua. Hilo ndilo linalonikera katika habari nzima. Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko huko India, alikuwa ameona vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1902. Tangu ugunduzi wake ilikuwa miaka kumi na saba. Elimu ilikuwepo, ilikuwa imechapishwa, ilikuwa inafundishwa. Na bado kambi ya Umba ikapigwa hema kando ya mikoko, na homa ikawaangusha askari wa Kihindi siku baada ya siku, bila adui kufyatua hata moja. Nikimsikia mtu akisema tatizo letu ni ukosefu wa elimu, mimi huikumbuka Umba.

Upande wa pili, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck aliamua kwamba Jasini irudi. Kwa hofu ya Tanga kushambuliwa tena, alizishusha kombania kwa reli, reli hii hii inayopita Mombo, ambayo ilikuwa imefika Moshi miaka michache tu kabla ya vita. Akakusanya kombania tisa na mizinga miwili. Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1915 walikuwa wamelizingira boma.

Kijana wangu aliisikia milio ya kwanza akiwa amesimama handakini kama kila siku. Mwanzoni alifurahi. Unajua furaha ya namna hiyo, ya mtu aliyechoka kungoja. Askari wake walipiga vizuri, na kila aliyenyanyuka katikati ya mkonge alianguka. Kijana akawaachia wapige. Alipiga kelele, "Endeleeni!" na wakaendelea. Saa ngapi ilikuwa alipokuja yule mzee wa mvi na kitabu chake, sijui, maana ni mimi niliyemtunga na sikumpa saa. Mzee alikifungua kitabu na safari hii hakumpa kalamu. Alimwonyesha kwa kidole. Kijana akasoma kwa mara ya kwanza.

Ya kweli ni haya. Kanali Raghbir Singh aliuawa. Kikosi kidogo kilichokuwa kwenye kiwanda cha katani, mbali kidogo na boma, kiliishiwa risasi kikatoka mbio kwa silaha za mkononi, na baadhi yao wakapenya. Kutoka kambi ya Umba walitumwa askari wa King's African Rifles na wenzao wa Kihindi kuja kuokoa. Wakazuiwa njiani, hawakufika. Usiku ukapita. Asubuhi ya tarehe 19 milio ilianza tena, na haikuchukua muda, bendera nyeupe ikapanda. Risasi zilikuwa zimewaishia.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo. Kisha akanijibu kama afisa, na nilifurahi kwamba alinijibu.

"Mjomba, mimi sioni kosa la huyo kijana. Angesoma kitabu kila siku, risasi zingeongezeka? Amewekwa mbele, mbali na wenzake, watu 300 dhidi ya kombania tisa. Kosa ni la waliomweka."

Ni kweli, na nilimwambia hivyo. Kosa kubwa lilikuwa juu. Lord Kitchener mwenyewe, aliyekuwa waziri wa vita kule London, alipopata habari alimkemea Jenerali Wapshare aliyekuwa akiongoza majeshi Nairobi, akamwambia hana ufahamu wa nguvu za adui na aache kushambulia, ajilinde. Bonde la Umba likaachwa. Wapshare baadaye akahamishiwa Mesopotamia. Kwa hiyo wakubwa walikosea, na wakubwa waliambiwa. Lakini kijana angesoma mapema, angeweza kupeleka neno kwenye kambi kubwa akiwa bado ana njia ya kupeleka neno. Angeweza kusema: kwa hesabu hii tuna siku moja ya kupigana, si zaidi. Pengine wasingemsikiliza. Mara ngapi nimepeleka hesabu juu isisikilizwe! Ila hesabu iliyopelekwa ikapuuzwa ina mwenyewe wa kulaumiwa. Ambayo haikupelekwa haina.

"Hao Wajerumani basi ndio waliohesabu vizuri," alisema.

Hapo nikamwambia asubiri, maana hadithi ilikuwa bado nusu.

Ushindi wa Jasini aliuandika Lettow-Vorbeck mwenyewe baada ya vita, na hakuuandika kwa tarumbeta. Siku ile risasi moja ilitoboa kofia yake na nyingine mkono wake. Askari wake walikuwa wakiungua na jua kwenye mkonge ule ule, wakikata kiu kwa madafu. Maafisa wawili wa Kiingereza walioliongoza boma hadi mwisho aliwasifu kwa ushujaa, akawaachia huru kwa ahadi ya kutopigana tena. Halafu, mambo ya heshima yalipokwisha, akakaa na kitabu cha stoo. Meja Kepler ameuawa, na maafisa wengine kadhaa. Kapteni von Hammerstein, aliyekuwa kama mkono wake wa kulia, amepigwa risasi ya tumbo na baadaye akafa. Sehemu moja ya saba ya maafisa wa kazi waliokuwapo ilikuwa imekwenda, na bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza, kwa hiyo mbadala hakuna. Na risasi: 200,000. Kwa siku mbili. Alipiga hesabu akaona kwamba kwa akiba yake anaweza kupigana vita vya namna ile mara tatu tu, si zaidi.

Jaribu kufikiria. Umeshinda, mateka wamepangwa mstari, bendera ya adui iko chini, na mtu mmoja ameinamia karatasi anatoa jibu kwamba ushindi mwingine kama huu mara tatu, na umekwisha.

Tangu siku ile akabadili vita vyake. Hakutaka tena kukaa mahali na kuligonga boma kwa kichwa. Akaanza kuvunja reli ya Uganda kwa baruti, kuvizia, kurudi nyuma, kumchosha adui kwa kutembea. Na nyuma yake koloni zima likawa kama boma lililozingirwa, likajifunza kuhesabu. Kule Amani, milima ya mashariki, kulikuwa na taasisi ya utafiti wa kilimo tangu 1902, na miti ya kwinini ilikuwa imepandwa. Dawa za Ulaya zilipokatika, wakachemsha magome. Kinywaji kilichopatikana kilikuwa kibaya hata askari wakakipa jina la pombe ya Lettow. Walikinywa. Wenzao wenye bahari wazi na meli za dawa walikuwa wakiugua Umba. Waliofungiwa walikuwa wakinywa magome. Mwenye kidogo ndiye aliyekihesabu.

Lakini sitaki mpwa wangu aondoke akimwabudu Mjerumani, maana nimeona watu wazima wakimwabudu. Hata yeye alisahau. Oktoba 1917, Mahiwa, karibu na Lindi, alikaa siku nne akipigana uso kwa uso. Akashinda tena. Zaidi ya watu 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa, na risasi zake za baruti isiyo na moshi zikakaribia kwisha. Zilizobaki zilikuwa za zile bunduki za mtindo wa 1871, zinazotoa wingu la moshi, ukifyatua mara moja adui anajua hasa pa kukulenga. Mwezi mmoja baadaye akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, kwenda kuwapora Wareno risasi.

Na kuna ukurasa mmoja ambao haukujazwa na upande wowote. Nimesema kwamba baada ya Jasini alihesabu maafisa wake. Aliwataja kwa majina. Askari weusi waliolala kwenye mkonge hawakutajwa kwa majina. Wapagazi ndio kabisa hawakutajwa. Nani unadhani alibeba zile risasi 200,000 kutoka stesheni hadi Jasini? Sanduku moja kichwani mwa mtu mmoja, na nyuma yake mtu mwingine. Kila bunduki iliyopiga katika vita vile ilikuwa na mgongo wa mtu nyuma yake, Mwingereza na Mjerumani sawasawa. Milima hii ilitoa watu; walishuka na njia za Soni na Vuga hadi relini. Walikufa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki nzima, kwa homa, kuhara na njaa zaidi kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la jeshi la wapagazi wa Waingereza, na mtu hununua nyanya pale bila kujua anakanyaga nini. Sanamu ya Askari tuliyonayo mjini, ya mwaka 1927, imeshika bunduki. Haijashika sanduku.

Mimi nimekuwa karani. Najua jinsi jambo linavyotokea. Kitu kikiwa na bei kina safu yake kitabuni, na mwisho wa siku lazima safu ijumlishwe. Kisicho na safu hupotea bila mtu kuiba. Risasi zilikuwa na safu.

"Na huyo kijana?" aliuliza mpwa wangu. "Ulimwacha handakini."

Nilimwacha, ni kweli. Nikamwambia kijana alichukuliwa mateka na wenzake, wakatembezwa kwa miguu hadi Tanga. Darubini ilichukuliwa siku ya kwanza. Siku ya tatu homa ikampanda. Yule mzee wa mvi alikuwa amefungia vidonge vya kwinini kwenye pindo la kilemba chake, akampa viwili kila jioni, na kila jioni akamwambia afungue mdomo aone kama amemeza.

Dada yangu alisema hadithi imetosha, bada linapoa. Tulikula kwa mshunga, na mpwa wangu, aliyekaa Monduli akila wali na maharage, alikunja uso kwa uchungu wa mboga, mama yake akamwambia hiyo nayo ni dawa. Hatukuzungumza tena habari za vita. Alinibishia mambo ya mpira hadi moto ulipofifia, akavua viatu vyake vinavyong'aa, akaviweka mbali na majivu.

Likizo yake ilikuwa siku tano. Ya sita aliamka kabla ya jogoo ili awahi gari la Mombo. Nilitoka kumsindikiza nikamkosa chumbani. Nikamwona juu ya kijilima nyuma ya banda la majani, pale ambapo simu hushika mtandao ukungu ukiwa mzito, begi miguuni, amejikunyata na koti la kiraia.

"Sajenti, shikamoo. Samahani kukuamsha, Mzee." Akasikiliza. "Hapana, hapana, hakuna tatizo. Nafika kesho. Nilitaka tu unisomee, Mzee, vile vyandarua tulivyopokea. Vizima vingapi? ... Na vilivyochanika?"

Alijipapasa mfuko wa koti, kisha wa suruali. Hakuwa na kalamu. Nilikuwa nayo yangu, hainitoki, lakini kabla sijamfikia alikuwa amekwisha kuokota kijiti, amechuchumaa, anaandika kwenye udongo mwekundu uliolowa umande.